Kisizimwe

Msusi alirudi kutoka saluni Jumamosi mchana, akakuta taa ya king'amuzi imezimwa, na damu ikamchemka hata kabla hajavua viatu.

"Mama! Umezima tena?"

Mama mkwe wake alikuwa jikoni anamenya viazi. Hakujisumbua kugeuka. "Nimezima, ndiyo. Umeme wenyewe wa kununua, halafu tunaulisha sanduku."

"Na karatasi niliyobandika pale kwenye swichi?"

"Ile iliyoandikwa kisizimwe? Nimewashia jiko."

Wawili hawa hawakuwahi kuiva chungu kimoja, tusidanganyane. Cheche, mume wa mmoja na mwana wa mwingine, alipokuwa hai alikaa katikati yao mezani, akala haraka haraka, akarudi karakanani kuchomelea mageti yake. Huko angalau mashine zilimpigia kelele bila kumtaja jina. Sasa Cheche hayupo, na katikati yao kimebaki king'amuzi, kile cha aina ya kurekodi vipindi, ambacho ndani yake ndimo alimokuwa.

Ilikuwa hivi. Watu wa televisheni walipita karakanani wakamhoji kuhusu kazi yake. Alirudi nyumbani kichwa kimevimba kwa sifa, akapanga king'amuzi kirekodi siku kipindi kitakaporushwa, akapiga marufuku mtu kukigusa. Kabla siku haijafika, lori likamgonga barabarani. Kipindi kilirushwa sebule ikiwa imejaa waombolezaji na televisheni imefunikwa shuka. Hakuna aliyekumbuka kuzima king'amuzi, nacho kikarekodi peke yake, pale chini ya shuka, watu wakilia.

Tangu hapo Msusi hakutaka kusikia habari ya kukizima. Angekizima mtu siku ile, Cheche angepita hewani akapotea. Mama mkwe naye hakutaka kusikia habari ya kukiacha. Kila mmoja alikuwa na fundi wa kumtetea, na kwa bahati mbaya alikuwa fundi yule yule, mtu asiyependa ugomvi. Kila alipoitwa alinywa chai ya aliyemwita, akamwambia alichotaka kusikia, akaenda zake.

"Fundi alisema diski imechoka," Msusi alisema, akiwasha swichi ya ukutani. "Kila unapoizima, siku nyingine inaweza isiamke!"

"Na mimi aliniambia kinachoiua ni joto." Mama mkwe alikuja sebuleni akijipangusa mikono. "Kiguse kikishinda kinawaka. Pasi kabisa!"

Taa nyekundu iliwaka, ikasitasita, ikageuka kijani. Msusi akashusha pumzi. Mama mkwe akanyoosha mkono, akazima tena, taratibu, huku akimtazama machoni.

Hapo Msusi alisema neno ambalo hakuwa amepanga kulisema. "Kumzaa si ruhusa ya kumuua mara ya pili."

Mama mkwe akakibeba king'amuzi chenyewe kutoka juu ya kabati, waya ukimfuata. "Nakipeleka chumbani kwangu. Huko hakuna kichaa wa kukichoma."

"Weka chini!"

"Ni mwanangu!"

"Ni mume wangu!"

Walikivuta kama watoto wanaogombania mto. Msusi alikuwa na mikono ya kazi, ya kusuka nywele kutwa, na ndiye aliyevuta zaidi, jambo ambalo baadaye hakuweza kulikana. Waya ulichomoka ukutani. King'amuzi kilipiga ukingo wa meza, kikaanguka sakafuni.

Walipiga magoti wote wawili. Mama mkwe alichomeka waya, Msusi akawasha swichi. Taa nyekundu iliwaka. Ndani kukasikika kitu kikigonga, tak, tak, tak, halafu kikanyamaza, halafu kikagonga tena. Walisubiri taa igeuke kijani, lakini haikugeuka.

"Sikuwahi kumtazama," Msusi alisema.

"Unasemaje?"

"Sikuwahi kubonyeza. Niliogopa. Nilijiambia siku nikiwa tayari nitamwona, mradi taa inawaka."

Mama mkwe alimkodolea macho. "Mwaka mzima unanitukana kwa ajili ya kitu usichokitazama? Hata kwa simu hukumchukua?"

"Ningemchukuaje bila kumtazama? Kwani wewe ulimtazama?"

"Kila siku ukienda saluni. Nikimaliza nazima, nisimchakaze. Tochi ukiiacha inawaka si inaisha?"

Msusi alimchukia wakati ule kuliko siku zote walizoishi pamoja. Mwanamke huyu alikuwa amekaa na Cheche kila mchana, peke yake, akamfungia, na jioni akamenya viazi kana kwamba hakuna lolote. Na sasa kila alichokisema Cheche kilikuwa kimebaki kinywani mwake, si kwingine.

"Niambie alisema nini."

"Kamuulize fundi wako."

King'amuzi kiligonga tena. "Mama, naomba."

Lilikuwa neno geni kati yao. Mama mkwe alijivuta hadi kwenye kiti, akaketi, akatazama ukuta.

"Alianza kwa kukohoa, unajua kile kikohozi chake cha kujitia mkubwa. Akaeleza bawaba, akaeleza geti la kuteleza na la kufunguka. Akajisifu sana, alitia chumvi, ile shule aliyoitaja hakuitengenezea mageti yote. Kisha yule mtangazaji akamuuliza, nyumbani wanasemaje kuhusu kelele za kazi yako?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, kelele ziko nyumbani, kaka, huku nimekuja kupumzika. Nina wanawake wawili kule. Mmoja anawasha, mwingine anazima, kutwa wanagombana. Nikifika kona ya pili nawasikia, najua nimefika kwangu. Siku nikikuta kimya, nitajua kuna msiba."

King'amuzi kilikuwa kimeacha kugonga, na sebule yote ilitulia, wala hapakuwa na hata mmoja wao aliyeweza kuuvumilia utulivu ule.

Msusi alijifuta uso kwa kiganja. "Na taa ya jikoni umeiacha inawaka," alisema. "Mchana wote huu."

Mama mkwe alimgeukia polepole. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta.

"Mwongo mkubwa wewe! Umeiwasha mwenyewe asubuhi!" akafoka, kwa sauti ya kufika kona ya pili.