Chumba Kilichoanza na Kiti

Krrr. Miguu ya kiti cha plastiki ilikwaruza saruji gizani, kabla hata muadhini hajamaliza kukohoa kwenye kipaza sauti.

Ifrah hakufumbua macho. Bintiye Hawo alikuwa amemlalia mkono, na sauti ile aliijua. Mama mkwe wake, Hooyo Osob, alikuwa akivuta kiti hadi kwenye mswala. Magoti yalikuwa yamemgomea bibi wa watu. Miaka sasa alikuwa akiswali ameketi, na pafikapo pa kusujudu akiinamisha kichwa hewani tu. Hakulalamika. Ila siku moja, akimsuka Hawo nywele, alisema taratibu kama anayezungumza na kitana: "Ningependa paji langu liguse ardhi tena, kabla ardhi haijanigusa mimi."

Maneno hayo yalimchoma Ifrah kama mwiba wa mgunga, na mwiba wa mgunga hautoki kwa kusuguliwa.

Wakati huo alikuwa akisoma masomo ya jioni katika chuo kimoja mjini: mazoezi ya viungo kwa wanawake, pamoja na upambaji wa nyumba. Mwalimu aliwaambia kwamba ukumbi wa mazoezi wa siku hizi hujengwa kama hoteli nzuri, mtu akiingia mabega yashuke yenyewe. Wenzake waliandika. Ifrah alitabasamu pembeni. Kwao Garissa hoteli ni ya mtu asiye na jamaa mjini. Mgeni hasa hupokelewa nyumbani. Akajiambia, basi mimi nitajenga chumba kinachopokea watu kama nyumba.

Pa kujengea palikuwapo. Nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Waberi, lilisimama ghala ambamo marehemu baba mkwe wake alikuwa akiweka ngozi za mbuzi. Sasa lilikuwa mali ya Osob. Abdiwali, shemeji yake Ifrah, alilitaka liwe stoo ya saruji. Mume wake, Nuh, dereva wa malori ya Mandera, alisema kwa simu kwamba anamtakia heri, lakini kati ya mke na mama yeye haweki hata kidole.

Osob aliwasikiliza mwanawe na mkamwana wake, akamaliza chai yake, kisha akatoa neno.

"Jenga," alimwambia Ifrah. "Lakini wanawake wakija siku ya kufungua, hiyo ni karamu tu. Wakirudi kesho yake bila kuitwa, hiyo ni kazi, na chumba ni chako. Wasiporudi, Abdiwali alete saruji yake."

Ifrah alianza na harufu. Ngozi za miaka zilikuwa zimeingia ukutani, na kila akipaka chokaa, harufu inasubiri jua lipande ndipo ichungulie tena. Alipaka, akasugua, akapaka tena, mpaka ukuta ukakubali kushindwa. Daud, fundi wa Galbet, alitaka mlango utazame barabara moja kwa moja. Ifrah alimwomba ajenge ukuta mfupi mbele ya mlango, mtu aingie kwa kupinda, ili mwanamke akivua buibui lake asionekane hata na upepo. Madirisha yakapanda juu, chini ya paa. Kioo alikiweka kimoja tu, tena ukuta wa nyuma, kwa sababu mwanamke aliyechoka hataki kukutana na uso wake kabla hajapumua. Mlangoni aliweka benchi la kuvulia viatu, mtungi wa maji, na chetezo cha uunsi, ubani wa nyumbani.

Lililomshinda ni paa. Mabati ya Garissa saa sita mchana ni kikaango. Chini ya mabati alitaka vijiti vilivyopindwa kama mbavu za aqal, ile nyumba ya mikeka ya wafugaji, na mikeka itandazwe juu yake kuzuia joto. Vijiti alipata. Mikeka minene ya kufumwa kwa mkono hakupata mjini kote. Asubuhi moja akakuta robota kubwa mlangoni, limefungwa kamba kuukuu. Ilikuwa mikeka ya Osob mwenyewe, aliyokuja nayo kutoka Rhamu alipokuwa bibi arusi. Ifrah hakuthubutu kumshukuru kwa maneno. Siku ile alimpikia canjeero, chapati za maji za kwao, laini kuliko siku zote.

Jumamosi ya kufungua, Ifrah akafanya kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Alichinjisha mbuzi.

Lakini angefanyaje? Kwa watu wake mgeni haulizwi jambo kabla hajala. Hata adui huulizwa ugomvi wake baada ya chai. Atamwambiaje mwanamke mzima, aliyetoka kwake na jua lote lile, inua mikono, ilhali hajaonja kitu? Basi wakala. Wakala wali kwa ndizi, nyama iliyoachia mfupa, wakashushia chai ya maziwa ya ngamia. Ndipo Ifrah akajifunga kitambaa kiunoni, akasimama mbele, akawaomba wasimame.

Hakusimama mtu. Saynab, jirani mwenye watoto sita na ulimi wa wembe, alimtazama kwa huruma.

"Ifrah dadangu, mbuzi wako bado anatafuta pa kulala humu ndani. Mwache alale kwanza, nami nitasimama."

Kicheko kikapita chumba kizima. Kilipotulia, mmoja akaegemea ukuta. Mwingine akajinyoosha kidogo tu, eti mgongo. Mikeka ya juu ilikuwa imezuia joto, uunsi unapanda polepole, na kelele za barabara zilikuwa zimebaki nje ya ukuta mfupi. Kufumba na kufumbua, wageni wote walikuwa wamelala fofofo, na wakalala hadi alasiri.

Abdiwali alipita nje akasikia mikoromo. Alimuuliza mama yake kutoka langoni kama hapo ni jimu au ni lojing'i, akasema kesho angeleta lori. Osob hakucheka wala hakumkemea. Alimkumbusha Ifrah tu kwamba kesho hakuna sufuria motoni. Ifrah akaosha sahani, na maji ya karai hayakuwa ya bomba peke yake.

Kesho yake aliwasha chetezo, akajaza mtungi, akaketi kwenye benchi la viatu. Lori likaja kinyumenyume hadi langoni, wapakuaji wakaegemea magurudumu. Jua likapanda. Hakuja mtu.

"Usiumie, shemeji," Abdiwali alisema, na hakusema kwa ubaya. "Wanawake wetu wanajua arusi. Mambo ya jimu hawana."

Ndipo kandambili zikasikika uchochoroni. Saynab alikuwa mbele, na nyuma yake wale wa jana, na nyuma ya wale wa jana nyuso ambazo Ifrah hakuzijua, kila mmoja na mkeka wake kwapani. Saynab aliwaamuru wapakuaji wageuke walitazame lori lao, wakageuka.

Osob alikuwa amesimama kizingitini kwake, mkono juu ya kiti.

"Saynab," aliita, "leo hakuna mbuzi."

"Sikufuata mbuzi, Hooyo. Jana nililala mchana, na hakuna aliyeniita mama. Tangu nizae kifungua mimba changu sijapata kitu hicho. Kama lazima niinue mikono ndiyo nilale tena, nitainua hata na miguu."

Osob akacheka mpaka akalazimika kukikalia kile kiti. Alipopata pumzi alimwambia mwanawe apeleke saruji yake Galbet, barabara ni nyeupe.

Ifrah akaupindua mpango: jasho kwanza, kisha kulala kidogo, na chai mwisho kabisa. Wakatoka jasho kweli. Wiki iliyofuata ilibidi wajipange kwa zamu.

Siku moja Osob naye akaingia, kiti chake mkononi, eti amekuja kuangalia kama mikeka yake imefungwa vizuri. Aliketi nyuma. Ifrah hakumtazama. Akawaambia wote kwamba leo ni siku ya kukaa na kuinuka, kukaa na kuinuka, polepole, mkono kwenye ukuta, na akafundisha macho yake yakiwa juu kwenye mbavu za vijiti. Nyuma yake kiti kikalia, kikanyamaza, kikalia tena. Osob akarudi siku ya pili, na ya tatu. Baadaye alihamia benchi la viatu, ambalo ni fupi kuliko kiti. Kutoka benchi akahamia mto. Miezi ikapita hivyo, bila mtu kulitaja jambo lenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, mazoezi yamekwisha, adhana ya alasiri imeita. Wanawake walitawadha, wakapanga safu chini ya mikeka ya Rhamu. Osob akasimama kando ya Ifrah. Ifrah alingoja mkwaruzo. Alisikia nguo zikichakacha tu, kisha pumzi ndefu ya mtu mzima anayeshuka bila haraka. Aliposujudu, mkono wenye hina iliyofifia ulikuwa sakafuni sambamba na wake, umetandazwa wote. Ukakaa hapo. Kisha ukajisukuma, na mwenyewe akainuka.

Wakatoa salamu. Mlangoni Hawo alikuwa amesimama, kiatu cha ayeeyo, bibi yake, kifuani, akikagua chumba kutoka pembe hadi pembe.

"Ayeeyo hakuleta kiti," alisema.