Kipimo cha Luseno

Asubuhi ya kesi ya fidia Khavere alimfunga mumewe, Shiundu, vifungo vya shati, kama alivyofanya kila siku tangu mashine ya kiwanda cha sabuni imbane mkono wa kulia, mwaka wa tisini na nne. Vidole vilibaki, lakini kushika kijiko havikuweza. Daktari wa serikali aliandika kwamba amepoteza thelathini kwa mia ya uwezo wa kufanya kazi. Daktari wa kiwanda naye akaandika sifuri. Sifuri jamani! Tangu hapo vijana wa mtaa wao wa Ziwani walimwita Shiundu mwigizaji, na hilo ndilo lililomtoa machozi, si maumivu.

Mahakamani hakimu alizisoma ripoti zote mbili. Alipofika kwenye ile ya kiwanda akasita.

"Hapa daktari anasema mtu aliyempima ana urefu wa futi sita na inchi mbili. Shiundu, hebu simama."

"Nimesimama, mheshimiwa."

Watu wakaangua kicheko. Khavere hakucheka. Alikuwa amekumbuka jambo.

Siku ile ya kipimo cha daktari wa kiwanda Shiundu alishikwa na homa, naye Khavere akamtuma shemeji yake Luseno apeleke barua, aombe siku nyingine. Basi. Luseno, jitu zima linaloogopa koti jeupe kuliko simba, alirudi akasema, "Daktari kaniambia nivue shati, nikunje vidole, nikakunja. Ameridhika." Khavere alidhani ni utani wake wa kawaida. Kumbe! Sasa akisema, si wataitwa matapeli? Na akinyamaza, mumewe atabaki mwongo mpaka kaburini.

Akainuka.

"Mheshimiwa, mtu wa futi sita ni yule pale nyuma, anayejikunja kwenye benchi. Nilimtuma na barua tu!"

Luseno akasimama. Ilichukua muda, kwa sababu alikuwa mrefu na hakutaka.

Daktari wa kiwanda akaruka kwa furaha, maskini. "Ndiye! Ndiye Shiundu wangu! Si niliwaambia mkono wake ni mzima?"

Wakili wa kiwanda akajifunika uso kwa faili.

"Ulimuuliza jina?" hakimu akasema.

"Alikuwa na barua."

"Hata tarishi wa posta ana barua, daktari. Ungempima naye?" Hakimu akaiweka ripoti kando. "Mahakama inakubali kwamba Luseno ni mzima. Kuhusu Shiundu nina ripoti moja tu, nayo inasema thelathini kwa mia. Ninaifuata hiyo."

Nje, Khavere alimchapa Luseno kofi la mgongo, chini kidogo, pale alipofikia.

"Wee shemeji! Mtu akikwambia vua shati, unavua tu?"

"Alikuwa amekasirika," Luseno akasema.

Shiundu hakuuliza atalipwa ngapi. Alisimama kwenye ngazi, mkono mbovu kifuani, akilia bila aibu mbele za watu.

"Umesikia, mama? Wameandika kwamba naumwa."

"Nimesikia," Khavere akasema, akamfunga kifungo cha kooni kilichokuwa kimefunguka.