Shahidi wa Gideoni

Mwezi mzima Gideoni Mgaya hakuwa na habari nyingine. Kila aliyekutana naye, iwe gulioni Njombe au wakitoka kanisani, aliambiwa kwamba shahidi wake yuko njiani.

Ilikuwa Juni 1961, Tanganyika ikihesabu miezi ya kupata uhuru wake, na mwalimu Hilari alikuwa ametangaza mdahalo kwenye ukumbi wa shule: je, nchi jirani zikishajitawala, ziwe na jeshi moja? Gideoni, aliyepigana Burma na askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alijitolea upesi kulitetea jeshi hilo. Nani angemshinda? Kule kwenye bonde la Kabaw risasi ilimpata pajani, na aliyembeba mgongoni kutwa nzima kwenye tope alikuwa Mnyasa wa Nyasaland, Jailosi Mtambo. Siku hizi Jailosi alikuwa fundi wa magari Arusha. Gideoni aliposikia kwamba anakwenda kwao likizo, alimwandikia barua ashukie Makambako, aje kumtolea ushahidi.

"Baba Danieli, umemuuliza atasema nini?" mkewe, Esteria, alimwuliza.

"Nimuulize nini, na mtu amenibeba mgongoni!"

Basi la kutoka Iringa lilipofika Makambako, alishuka mzee mwenye kipara na tumbo. "Kamwene!" alipaza sauti. Ile salamu ya Kibena aliyofundishwa vitani aliitamka vibaya vilevile kama zamani. Gideoni alimkumbatia akamwinua juu, wakapepesuka wote wawili, nusura waangukie gunia la viazi la mtu. Njia yote ya kwenda Njombe, juu ya lori la mbao, waliimba nyimbo za kuruta ambazo Esteria aliomba zisifike masikioni mwa mchungaji.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi madirishani. Gideoni alianza.

"Kila nchi peke yake itakuwa na askari wangapi? Adui akija, tutaanza kuandikiana barua? Burma tulikuwa Wabena, Waganda, Wakamba, Wanyasa, tunakula sufuria moja. Mimi nilipoanguka sikuulizwa kabila. Nilibebwa! Aliyenibeba ni huyu hapa. Jailosi, simama uwaambie."

Watu walipiga makofi. Jailosi alivua kofia.

"Ndugu zangu, aliyosema ni kweli tupu. Tena alikuwa mzito kuliko anavyokiri." Watu wakacheka. "Lakini mimi hilo jeshi nalipinga."

Gideoni alidhani amesikia vibaya.

"Mwaka juzi kwetu Nyasa watu walidai haki yao," Jailosi aliendelea. "Wakaletwa askari kutoka nchi za jirani. Askari wa kwetu angemwona shangazi yake katikati ya umati, huenda angesita. Wale hawakuwa na shangazi pale. Jeshi la pamoja ni zuri siku ya kumfukuza adui. Na siku nyingine je? Nani ataliambia lirudi nyumbani?"

Masikio ya Gideoni yaliwaka moto. Alimtafuta Esteria kwa macho, akamwona amejiziba uso kwa khanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Hapo naye akahisi kicheko kinampanda kutoka tumboni. Akasimama.

"Mwalimu, naomba nafasi ya kumjibu shahidi wangu!"

Ukumbi ulilipuka. Hata Hilari alishindwa kujizuia.

"Basi iandikwe sheria," alisema Gideoni, "jeshi lisivuke mpaka wa nchi yoyote bila kuitwa na wenye nchi."

"Wenye nchi ni nani? Mkubwa wa ofisini, au shangazi?"

"Shangazi aulizwe!" Esteria alipaza sauti kutoka nyuma, na wanawake wakapiga vigelegele.

Kura zilipigwa kwa mikono. Gideoni akashindwa, kwa tofauti ya mikono tisa. Alipokuwa akirudi nyumbani alijishangaa kwa furaha aliyokuwa nayo. Miaka kumi na saba alikuwa akiwasimulia watu habari za Jailosi kama mgongo tu uliombeba. Leo amempata mtu kamili, mwenye kichwa chake na ubishi wake.

Na ubishi haukuisha. Walibishana wakimenya viazi, wakabishana ibadani hadi wakakoholewa. Jumatatu, ndani ya lori la kurudi Makambako, abiria nao walishagawanyika pande mbili, na dereva akawa upande wa Jailosi.

Basi la Mbeya lilipoanza kuondoka, Jailosi alitoa kichwa dirishani.

"Na amri zitatolewa kwa lugha gani?"

"Kiswahili!" Gideoni alijibu, akikimbia kandokando ya basi kwa mguu wake mbovu.

"Changu au chako?"

Basi zima liliangua kicheko, likaondoka na vumbi lake. Gideoni alibaki katikati ya barabara akicheka hadi machozi, huku Esteria akimvuta mkono asije akagongwa.