Feni ya Juu ya Mwenyekiti

Mimi hasira zangu ziko karibu, wala sifichi. Kwa hiyo siku nilipouona mtaa wetu umepakwa rangi ya kijivu kwenye ramani ya halmashauri, nilisimama mbele ya ubao wa matangazo nikasoma mara tatu, huku nikitafuta mtu wa kugombana naye. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ramani tu, imebandikwa kwa gundi nyingi, na juu yake kichwa cha habari kikubwa: Mpango wa Kukuza Uchumi wa Mji, Miaka Kumi Ijayo. Soko walilipaka njano. Kiwanda cha mafuta ya kupikia, bluu. Stendi mpya, nyekundu. Sisi tulikuwa kijivu, na pembeni kwa herufi ndogo waliandika: eneo lisilo na shughuli za kiuchumi, litavunjwa kupisha maegesho ya malori.

Lisilo na shughuli! Mtaa wenye karakana kumi na moja za kusuka mota!

Kwa asiyejua kazi yetu, ni hivi. Mota ikiungua, iwe ya mashine ya kusaga, pampu ya maji, msumeno wa seremala au feni, waya wa shaba ulio ndani yake hukatwa wote ukatolewa. Kisha mtu anakaa na waya mpya, anasuka koili upya, mzunguko kwa mzunguko, akihesabu kimoyomoyo. Ukimsemesha katikati ya hesabu atakuitikia kwa jicho tu, na jicho lenyewe si zuri. Baba yangu ndiye aliyeileta kazi hii mtaani. Watu wanamwita Mzee Waya. Mimi wananiita Shoto, kwa sababu nasuka kwa mkono wa kushoto, na mafundo yangu yote hulalia upande usiotarajiwa.

Nilirudi nyumbani nikiwaka. Baba alikuwa uani, anapaka koili vanishi kwa brashi.

"Baba, walipokuja watu wa halmashauri kuhesabu biashara, uliwaambia nini?"

Hakuinua kichwa. "Alikuja binti mmoja, ana adabu zake. Akaniuliza, shikamoo mzee, hapa mnafanya nini? Nikamwambia, marahaba mwanangu, tupo tu, tunabangaiza."

"Tunabangaiza?"

"Mimi nilimwambia tunasukuma siku!" baba mdogo alidakia kutoka karakana yake, ng'ambo ya ukuta, kwa sauti ya mtu aliyejibu mtihani vizuri.

Nikashika kichwa. Huo ndio ugonjwa wa mtaa wetu. Mkute mtu ametoka kufufua pampu inayonywesha nusu ya mji, muulize kazi vipi, atakwambia anabangaiza. Kujisifu mbele ya mgeni kwao ni aibu. Vibao vya biashara hatuna hata kimoja. Tangu niko mdogo baba alikuwa akisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwake yeye fundi mwenye kibao ni fundi ambaye mota zake zinarudi. Milango ya mbele ni ya nyumba za kawaida tu, karakana zote ziko uani. Yule binti aliona milango, akasikia habari za kubangaiza, akaandika alichoambiwa. Ningekuwa yeye ningeandika vivyo hivyo, ingawa wiki ile sikuwa tayari kukubali.

Alama tunayo, ila tunaiweka mahali ambapo hakuna anayeiona. Koili ikikamilika hufungwa kwa uzi ili isicheze, ndipo vanishi inapakwa. Kila msukaji ana rangi yake ya uzi: baba mwekundu, baba mdogo mweusi, mimi kijani. Mota ikirudi imeungua tunaifungua, tunatazama uzi, na mwenye uzi anaichukua anaisuka upya bila ubishi. Hakuna wa kumsingizia mwenzake.

Uzi wa kijani nilipewa nikiwa na miaka kumi na sita, siku niliyosuka mota yangu ya kwanza, ya feni. Vidole vilikuwa vimechanika na shingo imekakamaa, lakini niliipeleka kwa baba nikitembea kama malkia. Aliigeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Shoto, hii umesuka kama mtu anayekimbizwa." Kesho yake haikuwepo mezani. Nilipouliza, alisema ameikatakata. Nililia siku mbili, ya tatu nikasuka nyingine. Imepita miaka kumi na minne tangu siku ile, na sijapata kumsikia baba akinisifu. Sifa yake kubwa kwa fundi yeyote ni neno moja tu, haijaungua, nalo hulitoa mota ikishafanya kazi miaka mingi. Baba mdogo amelipata mara mbili. Mimi, sijawahi.

Kikao cha kupitisha mpango kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa halmashauri. Mwananchi mwenye hoja alipewa dakika tatu. Baba alisema haendi.

"Mtu mzima hapangi foleni ili ajieleze."

"Basi tukae tu, malori yatatueleza," nikamjibu, nikatoka nikabamiza mlango. Si adabu, najua.

Lakini nilipokwisha kukaa ukumbini na kugeuka nyuma, nilimwona kwenye benchi la mwisho, amevaa shati aliloshonewa kwa harusi ya kaka yangu. Alikuwa ametazama dari tu, kana kwamba kikao hakimhusu. Nilidhani anaona aibu kutazamana na watu.

Afisa mipango, kijana aliyepiga pasi suruali mpaka ikawa na makali, alieleza ramani yake rangi baada ya rangi. Alieleza vizuri, nikamchukia zaidi. Ilipofika zamu yangu nilisimama.

"Waheshimiwa, mtaa mliopaka kijivu una karakana kumi na moja. Mashine za kusaga za mji huu, pampu za maji, mashine za kufulia za hospitali, zikiungua zinakuja kwetu. Mkitubomoa, uchumi mnaotaka kuukuza mtaukuza kwa mikono mitupu."

Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imeshuka puani. "Dada yangu, tunakusikia. Ila watu wetu walipita kwenu, hawakuona hata kibao kimoja, na wazee wenyewe walisema hawana kazi ya maana. Sisi tunapanga kwa takwimu. Una ushahidi gani?"

Lilikuwa swali la haki, na ndilo lililonipandisha zaidi. Nilitazama juu nisije nikasema neno baya. Feni sita zilikuwa zinazunguka.

"Ushahidi unawapepea, mheshimiwa," nikasema. Watu wakacheka. "Zimeni umeme, nipeni ngazi na bisibisi, nifungue feni moja. Ndani yake mtakuta uzi wa mtaa wetu. Msipoukuta, leteni malori."

Maneno yalipokwisha kutoka ndipo nikayafikiria. Nilikuwa nimekumbuka tu kwamba zamani baba alisuka feni za ukumbi ule. Sikuwa nimejiuliza kama bado ni zile zile. Nilikuwa nimeweka rehani karakana kumi na moja, na jina la baba juu yake, kwa sababu ya ulimi.

Fundi umeme wa halmashauri, mzee mnene aliyepumulia mdomoni, aliingiza ngazi akaisimamisha chini ya feni ya katikati. Nikakanyaga daraja la kwanza.

"Siyo hiyo." Sauti ilitoka nyuma. Baba alikuwa amesimama. "Ile ya juu ya mwenyekiti."

Mwenyekiti akakusanya karatasi zake akasogea. Umeme ukazimwa, na joto likatuangukia wote pamoja. Nilifungua mapanga, nikashusha mota, nikaiweka mezani juu ya nakala ya mpango, maana kitambaa cha meza kilikuwa kizuri na mimi si mtu wa kuchafua vya watu.

"Dakika tatu zimekwisha," diwani mmoja alisema huku akijifuta jasho.

"Na upepo pia, mheshimiwa."

Skrubu zilikuwa ngumu. Ya mwisho ilipolegea nilinyanyua kifuniko nikapuliza vumbi, nikainama kutafuta uzi mwekundu wa baba.

Uzi ulikuwa wa kijani.

Ulikuwa umekolea kwa vanishi ya miaka, lakini ni kijani, na fundo lake limelalia kushoto. Nililijua fundo lile. Nilijua mpaka mahali nilipokosa subira nikalikaza mara mbili. Ilikuwa ile mota yangu ya kwanza.

Afisa mipango alikuwa ameinama pembeni yangu. "Huu uzi ni wa nani?"

"Wangu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia wasikie hadi nyuma. "Ni wangu. Nilisuka hii nikiwa na miaka kumi na sita."

Mzee wa ngazi akatikisa kichwa. "Zile tano ni mpya, zililetwa mwaka juzi ukumbi ulipopakwa rangi. Za zamani zilikuwa zimeshaungua zote. Hii tuliiacha kwa sababu haijawahi kutusumbua." Akanyoosha kidole kuelekea benchi la mwisho. "Aliileta yule mzee mwenyewe. Nilitaka kuifunga kule pembeni, akagoma. Akasema iwekwe hapa, juu ya kiti kikubwa."

Niligeuka. Baba alikuwa amerudia kutazama dari. Ndipo nikaelewa alichokuwa akikitazama tangu asubuhi: jicho lake lilikuwa limeshatambua ipi ni ya zamani. Ningefungua ile ya katikati, ningekuta uzi mweupe wa kiwandani, na habari yetu ingeishia pale. Machozi yalinitoka mbele ya madiwani wote. Nikasema ni vumbi, na hakuna aliyeniamini.

Namheshimu afisa mipango mpaka leo kwa alichofanya. Alizima kishikwambi chake, akasimama. "Mwenyekiti, naomba nirudi mtaani. Nimehesabu vibao, sikuhesabu kazi." Mikono ikanyooshwa, ukurasa wetu ukatolewa kwenye mpango ili uandikwe upya. Kisha mwenyekiti akaniomba, kwa upole ule ule, nimrudishie feni yake kabla watu hawajazimia.

Jumatatu alikuja afisa mipango na yule binti wa kuhesabu. Binti akasimama mbele ya baba. "Shikamoo mzee. Hapa mnafanya nini?"

"Marahaba. Hapa tuna..." Nilimkanyaga mguu. Akanitazama. "Tunasuka mota," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Siku mbili tulizunguka nao mjini tukifungua mashine. Pampu kubwa ya maji, uzi mwekundu. Kwenye mashine za kusaga, mweusi na mwekundu. Kwenye chumba cha kufulia hospitalini, kijani kwa kijani. Kila kifuniko kilipotoka, wenye mashine walichungulia wakashangaa, na mimi nilizidi kurefuka. Ramani mpya ilipobandikwa, mtaa wetu ulikuwa rangi ya chungwa: mtaa wa ufundi wa mota, utawekewa umeme wa viwandani, na karakana moja itajengwa ya kufundishia wanaotaka kujifunza. Malori yalipelekwa nyuma ya stendi. Sharti likawa moja tu, kila karakana iwe na kibao.

Mtaa mzima ulinung'unika. Baba mdogo alisema ni kudhalilishana. Nilijua baba atakuwa wa mwisho, na nilishajiandaa kwa ugomvi.

Asubuhi ya siku iliyofuata niliamshwa na nyundo. Nilitoka nikamkuta barabarani, juu ya stuli, anapigilia kibao juu ya mlango wetu. Alikuwa amekwenda kukiandikisha bila kumwambia mtu. Herufi zilikuwa za kijani. SHOTO. KUSUKA MOTA.

Nilisimama na kanga yangu begani, nikakisoma mara tatu.

"Baba, jina lako liko wapi?"

"Za kwangu za ukumbini ziliungua," akasema, misumari ikiwa midomoni. "Hukumsikia yule wa ngazi? Tano zote."

"Na ile yangu, si ulisema umeikatakata?"

Alipiga msumari wa mwisho. Alishuka taratibu, akarudi nyuma hatua mbili kutazama kama kibao kimenyooka. Kilikuwa kimelala kidogo upande wa kushoto. Alikiacha hivyo hivyo.

"Nilisema," akajibu. Kisha akaweka nyundo chini, akanitazama usoni, jambo ambalo huwa halifanyi mara nyingi.

"Miaka kumi na minne, mwanangu. Haijaungua."