Dirisha la Mtaalamu

Mtaalamu alihama nchi yake, akaacha lifti na kiyoyozi, akaja kuishi kwenye pwani ya majabali ambako hata barabara ilikata tamaa njiani. Alichotaka ni kimoja tu: nyumba yenye ukuta mzima wa kioo unaotazama bahari.

"Huku nyumba zinaipa bahari mgongo, bosi," fundi mwashi alimwambia. Kweli, kijiji kizima hakikuwa na dirisha hata moja upande wa maji.

Mtaalamu akacheka mpaka machozi. Watu wamepewa uzuri wa bure, wanaupa kisogo! Akawaandikia rafiki zake kwamba wenyeji ni wema, ila macho hawana.

Fundi hakubishana. Aliweka kioo, akafagia, akaenda zake. Ila nyuma ya nyumba aliacha rundo la matofali, na kila Mtaalamu alipomwambia ayaondoe, jibu lilikuwa lile lile: "Yaache tu, bosi. Hayali, hayanywi."

Miezi mitatu baadaye upepo ulianza. Chumvi ikakipofusha kioo chote, mawimbi yakakirushia kokoto mpaka kikapasuka, maji yakafika chini ya kitanda. Mtaalamu alilala bafuni wiki nzima, eti anafanya utafiti. Mwishowe akajikaza, akampigia fundi simu: aje azibe, na aseme yanahitajika matofali mangapi.

"Si yako hapo nyuma?" fundi akasema. "Niliyahesabu siku ile uliponionyesha ramani."