Uzi wa Buluu kwenye Mkeka wa Ukoo

Siku ya arobaini ya mtoto wake, Falone aliamka na furaha iliyochanganyika na woga. Leo Salima angelazwa juu ya mkeka wa ukoo wa baba yake, jina lake litajwe mara tatu, na tangu hapo asiwepo wa kuuliza ni mtoto wa nani. Watoto wote wa nyumba ile ya Kindu walipita hapo. Hata Amuri, mumewe, ndivyo walivyoamini wote.

Lakini alipoinama amlaze, mzee Asumani, baba mkubwa wa Amuri, akaweka fimbo yake katikati.

"Huyu hapana. Mumushike tu kwa mukono."

"Sababu gani, baba mukubwa?" Amuri akauliza.

"Kwao muke yako ni watu wa kununuliwa. Babu yetu alimununua babu yao kwa vitambaa. Damu ya mutumwa hailali kwa mukeka wa waungwana. Mukeka huu ulitoka Kasongo, na wazee wetu!"

Wanawake waliokuwa kwenye masufuria wakageuka. Falone alihisi uso ukimwaka. Neno hilo alilijua tangu utoto. Alilisikia kwenye foleni ya maji, akalisikia hata siku ya mahari, ndugu za Amuri walipocheka eti wanalipia mali yao wenyewe. Siku zote alilimeza. Leo limetupiwa mtoto ambaye hata shingo haijakaza.

Akainamisha macho asilie. Hapo, pembeni mwa mkeka, akauona uzi wa buluu.

Aliujua uzi ule. Alikuwa na miaka sita, mwaka ule wa vita, treni imesimama, barabara zimefungwa, shule nayo imefungwa. Bibi yake, Jeanne, alifumua sketi ya shule ya mjukuu wake apate uzi wa kushonea pindo la mkeka. Falone alilia siku nzima. "Utapata ingine, vita ikiisha," bibi alimwambia. Mkeka huo alimfumia mgeni wao, mama mmoja aliyechomewa nyumba, na mama huyo alikuwa Mwavita, dada yake Asumani. Sasa alikaa pale mlangoni, anachambua mchele.

"Baba mukubwa," Falone akasema, "mukeka huu nani aliufuma?"

"Si nimekuambia? Wazee wetu!"

"Shangazi?" Falone akageukia mlangoni.

Mwavita akaweka ungo chini.

"Asumani, wakati wa vita wewe ulikuwa Kisangani. Mukeka wa wazee uliungua pamoja na nyumba. Huu alinifumia Bibi Jeanne wa Alunguli, bibi yake Falone, akashona pindo kwa uzi huu wa buluu wa sketi ya mujukuu wake. Miezi mitatu nililala kwake. Matembele bila chumvi, lakini akigawa, anaanza na mimi."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Niliona haya. Niseme nililishwa na watu tunaowaita watumwa?"

Falone akamkumbatia mtoto.

"Babu yetu hakujiuza, baba mukubwa. Walimukamata shambani kwake, Kibombo, watu wenye bunduki. Nyumba ya shangazi pia waliichoma watu wenye bunduki. Mbona shangazi hatumwiti mutu wa kuchomewa?"

Mmoja wa wapishi akaangua kicheko, akajiziba mdomo.

Asumani alitazama ule uzi, akamtazama dada yake, kisha polepole akavuta fimbo yake.

Salima akalazwa. Akarusha miguu, akapiga chafya. Amuri akataja jina lake, Mwavita akalitaja. Mara ya tatu sauti ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo. Ilikuwa ya Asumani.

Baada ya chakula mzee alibaki ameketi, anapapasa pembe ya mkeka, akamwita Falone.

"Mwanangu, hapa panafumuka. Utanishonea?"

"Nitakufundisha ushone mwenyewe, baba mukubwa."

"Mimi? Na vidole hivi?"

"Hivyo hivyo."

Asumani akageuka mlangoni. "Mwavita! Sindano iko wapi humu ndani?"