Maji Yaliyochemshwa Mara Mbili

Mtaa mzima ulimwita Mama Koki, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtunza kisima kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi alifungua kibanda cha pampu, akaisikiliza ikinguruma, akapanda ngazi ya tangi kutia dawa, kisha akashuka kukinga glasi moja kwenye bomba la kwanza. Alidondosha humo matone mawili ya kupimia kama dawa imetosha, na maji yakigeuka waridi hafifu aliweka saini yake daftarini. Nyumba mia moja na sitini zilikunywa kwa saini ile.

Na maji yenyewe yalikuwa maji kweli. Ya baridi, maangavu, hayana harufu wala chumvichumvi. Waliohamia mbali wakija kusalimia walirudi na madumu. "Mama Koki," walimtania, "maji yako yangekuwa mwanamume, tungeshikana mashati."

Binti yake wa mwisho, fundi cherehani, alikuja kujifungulia kwake. Alipata mtoto wa kiume kwa upasuaji, lakini wiki ya pili kidonda kikatunga usaha. Akalazwa, akapewa dawa kali, na siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani maziwa yalikuwa yamekauka kifuani. Muuguzi wa zahanati akawaambia watumie maziwa ya kopo, na akasisitiza kwamba maji ya kukorogea lazima yachemshwe.

"Mamba naye aonyeshwe mto?" Mama Koki alicheka.

Kazi hiyo hakumwachia mtu. Aliyachemsha maji asubuhi, akayaacha yapoe, akayarudisha tena motoni mpaka yakabaki nusu ya sufuria. Wenzake wakichemsha mara moja, yeye mara mbili, maana huyu hakuwa mtoto wa jirani. Alikuwa mume wake. Ndivyo alivyomwita, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kiume: mume wangu, mume asiye na meno, mume anayenikojolea mchana kweupe.

"Mume wangu leo kanuna," alisema siku moja, mtoto akiwa na wiki saba. "Kuna mtu kamuudhi?"

"Tangu jana hanyonyi vizuri," binti alijibu bila kuinua macho kwenye nguo aliyokuwa akiifuma. "Analala tu."

Mama Koki akamchukua, akasogea naye dirishani kwenye mwanga wa adhuhuri. Akamtazama. Akatazama tena.

"Umempaka nini mtoto midomoni?"

"Sijampaka kitu."

Akalowesha pindo la nguo yake kwa mate, akamfuta mdomo taratibu. Rangi haikutoka. Akafuta tena, safari hii kwa nguvu zaidi, mtoto akakunja uso na kutoa sauti ndogo kama ya paka. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu lililochanganyika na wino. Akafungua kiganja chake kidogo, na kucha zote tano zilikuwa hivyohivyo.

"Mama, mbona umenyamaza?" binti aliuliza, na sindano ikamwanguka.

Zahanatini muuguzi alimsikiliza mtoto kifua, akamwekea puani kibomba cha oksijeni, akangoja. Akangoja zaidi ya alivyotaka waone.

"Kifua safi," alisema. "Hewa inaingia. Sielewi kwa nini rangi hairudi." Kisha akanyanyua simu kuita gari la hospitali kubwa, na Mama Koki aliona vidole vya yule dada vikitafuta namba kwa pupa. Muuguzi akiogopa, mgonjwa amshike nani?

Safari ilikuwa ya saa moja na nusu. Njiani mtoto akaanza kulia kilio chembamba, cha kukatikakatika. Binti alikuwa ameshika chuma cha kiti kwa mikono miwili, macho makavu. Kwenye kikapu kulikuwa na chupa ambayo Mama Koki aliikoroga haraka kabla ya kutoka, kwa yale maji yake. Akampa mtoto.

"Kunywa, mume wangu. Kunywa upate nguvu."

Mtoto alikunywa theluthi ya chupa. Kabla hawajafika hospitali, rangi ile ilikuwa imepanda mpaka kwenye masikio, na kilio kilikuwa kimekwisha kabisa. Mama Koki aliweka sikio lake kwenye kifua kile kidogo na kusikia moyo ukienda mbio. Aliomba uendelee tu, hata kama ni mbio.

Daktari alikuwa msichana ambaye Mama Koki angeweza kumzaa, amefunga nywele kwa kipande cha bandeji. Alimchoma mtoto, akavuta damu kidogo, akaliinua bomba la sindano kwenye mwanga. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa kahawia, kama uji wa kakao. Akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, akaipunga hewani. Tone likabaki kahawia.

"Damu iliyokosa hewa ikipigwa na upepo hugeuka nyekundu," alisema polepole, kama anayejisemesha. "Hii imekataa." Akageuka. "Anakunywa maziwa gani?"

"Ya kopo," binti alijibu.

"Na maji ya wapi?"

"Ya kisima," Mama Koki akadakia, na hata katika hofu ile sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Mimi ndiye mtunzaji. Natia dawa kila siku. Ya mtoto nayachemsha mwenyewe, mara mbili, mpaka yanabaki nusu."

Daktari alimtazama kama mtu anayetafuta mahali laini pa kuweka mzigo mzito.

"Bibi, moto unaua vijidudu. Dawa yako nayo inaua vijidudu. Lakini kuna chumvi inayotoka kwenye samadi, mbolea na vyoo, inazama ardhini mpaka inayafikia maji. Inaitwa naitreti. Haina rangi, haina ladha. Wewe ukiinywa hutaona kitu. Mtoto mchanga, inaizuia damu yake isibebe hewa. Na ukichemsha, maji yanapanda na mvuke. Chumvi haipandi."

"Inabaki," alisema Mama Koki.

"Inabaki yote. Ndani ya maji machache zaidi."

Alisikia kiti kikiburutwa nyuma yake na mkono wa mtu ukimkalisha. Binti yake hakumtazama. Alikuwa akitazama kikapu chenye ile chupa.

Dawa waliyomchoma mtoto ilikuwa ya buluu iliyokolea, na Mama Koki alipoiona alitaka kupiga kelele: mnamwongezea rangi ile ile! Alijiziba mdomo kwa kiganja. Dakika tano. Kumi. Muuguzi aliitazama mashine, daktari akatazama saa. Baada ya robo saa hivi, ncha ya sikio la mtoto ikaanza kuwa na uhai, kisha midomo, na mwishowe akafumbua kinywa na kulia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa vibaya. Binti akaangua kilio juu yake.

Mama Koki hakupata hata nafasi ya kushusha pumzi.

"Huko kwenu," daktari aliuliza, "kuna watoto wengine wachanga wanaokunywa maziwa ya kopo?"

Alizijua nyumba zote kama vidole vyake. Mwoka mikate alikuwa akilea mjukuu wa kike wa miezi miwili, mama yake amerudi kazini mbali. Akamtaja huyo. Kisha akawaza mtoto wa seremala, aliyezikwa kabla ya mvua. Walisema moyo. Huyo hakumtaja.

Alimpigia mwoka mikate mara sita, simu haikupatikana. Akampigia mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, nenda ukafunge pampu sasa hivi. Halafu mkimbilie mwoka mikate, mwambie mtoto asipewe chupa."

"Taratibu, shemeji. Kwa lipi?"

Akamweleza.

"Mtoto mmoja kaugua, watu wote wakae na kiu? Utazua taharuki. Tungoje vipimo," alisema. "Na wala mazizi hayahusiani na jambo hili."

Hakuna aliyekuwa ameyataja mazizi. Yalikuwa ya shemeji huyo, juu ya mteremko wa kisima, na kwa miaka miwili ng'ombe waliongoja mnada walilundikwa humo, samadi ikipanda mpaka kiunoni. Mama Koki alipita pale kila siku akiziba pua. Akili yake haikuwahi kushuka chini ya ardhi kufuata mahali uchafu ule ulikokwenda.

"Shemeji," alisema, "mficha maradhi kilio humuumbua." Akakata simu.

Gari la hospitali lilimrudisha, na daktari akaagiza dereva asiondoke mpaka mtoto wa pili aonekane. Alasiri ilikuwa imeiva walipofika. Mama Koki aliruka kabla gari halijasimama vizuri, akaingia uani kwa mwoka mikate, ambaye alikuwa akichomoa sinia kwenye tanuri, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Mjukuu yuko wapi?"

"Kalala. Na leo kanistarehesha, hata chupa ya mchana hakuililia, wala hakuimaliza." Mwoka mikate akatabasamu. "Vipi, mbona unahema kama umefukuzwa?"

Mama Koki alishampita. Chumba kilikuwa na giza la pazia. Akalivuta. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo wazi, ametulia mno. Akamfunua miguu, akaishika karibu na macho yake, maana machozi yalikuwa yakimzuia kuona. Kucha za vidole vya miguu zilikuwa rangi ile.

"Mwamshe," alisema.

"Ndiyo kwanza amelala, jamani..."

"Mwamshe!"

Walimwita, wakampapasa nyayo, wakamkalisha. Kichwa kilining'inia. Mwoka mikate alianza kumwita Mungu kwa sauti ya chini, mfululizo, na alama za unga zikabaki kwenye mashavu ya mtoto kila alipomgusa. Mwishowe jicho moja likafumbuka kidogo, likafumba. Dereva alishawasha gari.

Gari lilipotokomea nao, Mama Koki akaenda kibandani, akazima pampu, na kulifunga bomba kuu kwa mikono miwili mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Watu wazima wasingekufa kwa kuyaoga maji yale, daktari alimwambia hivyo. Lakini maji yakishafika bombani hayachagui chupa ya kuingia.

Haukupita muda watu wakajaa na ndoo zao. Shemeji yake alifika jasho likimtiririka.

"Fungua, Mama Koki. Usituaibishe."

Akapanda ngazi tatu za tangi ili wamsikie. Akawaeleza yote: rangi ya midomo, rangi ya damu, samadi, kuchemsha. "Mjukuu wangu nimemnywesha sumu kwa mkono huu," alisema. "Wa mwoka mikate yuko njiani kwenda hospitali, sijui kama atafika. Kila mwenye mtoto mchanga, au mimba, asitumie maji haya kwa kunywa. Nitafungua ya kufulia nyumba ya mwisho ikishasikia. Anayetaka kufungua kabla ya hapo, anishushe kwanza."

Hakuna aliyemshusha. Mama mmoja akamwaga ndoo yake chini, mwingine naye. Mwenyekiti akatazama njia ya mteremko, akaondoka bila kuaga.

Umati ulipopungua, seremala alibaki. Alimkaribia mpaka Mama Koki akanusa vumbi la mbao shatini mwake.

"Wangu naye alikuwa anakunywa ya kopo."

"Najua."

"Ulimwambia mke wangu achemshe sana."

"Nilimwambia."

Alingoja kofi. Alilitaka, hata. Seremala alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Vidole vyake vilikuwa hivyo," alisema. "Tulimvalisha soksi mikononi. Tulidhani ni baridi. Nikamwambieje mama yake?"

"Twende wote," alisema Mama Koki. "Nitasema mimi."

Walikwenda. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba atoke nje, na Mama Koki akatoka.

Mtoto wa mwoka mikate alifika hospitali akiwa hai, akalazwa siku nne. Vipimo vilikuja baada ya wiki moja: naitreti ilikuwa zaidi ya mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Mazizi yakahamishwa kwa amri, magari ya maji yakaleta ya kunywa kwa miezi mingi, na kisima kipya kikachimbwa upande wa pili wa kilima, mbali na samadi na vyoo. Binti wa Mama Koki alirudi kwake na mwanawe. Kwa muda mrefu hakumruhusu mama yake amshikie chupa, na mama yake hakuomba.

Siku ya kufungua kisima kipya, mke wa seremala alikuja na dumu tupu. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Tangu siku ile hawakuwa wamesemezana.

"Nisomee karatasi ya vipimo," alisema. "Yote."

Mama Koki akavaa miwani, akamsomea mstari kwa mstari, na mahali asipoelewa alisema haelewi. Mke wa seremala akakinga maji, akayainua juani. Yalikuwa maangavu kama yale ya zamani, na wanawake wale wawili wakasimama kuyatazama, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuyaamini.